UZI: Shambulio la moyo – kulitambua, kulipima na kulitibu kwa mtu anayeishi Dar

ZamuYaUsiku – Jumanne, saa 2:10 usiku

Wakuu, salaam. Neno "presha ilimpanda" limebeba mizigo isiyo yake. Mtu anashika kifua jioni, anapewa maji ya tangawizi, alfajiri hayupo, na msibani kila mmoja anakubali kuwa ni presha. Humo ndani kuna mambo matatu tofauti. Kiharusi ni ubongo: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Moyo kusimama ni mtu kuanguka ghafla, hajibu, hapumui. Shambulio la moyo ni mshipa unaoulisha moyo wenyewe kuziba, na mgonjwa mara nyingi yuko macho, anaongea, anajibu simu. Huyo wa tatu ndiye wa uzi huu, kwa sababu ndiye mwenye muda, na muda huo ndio tunaouchezea.

Moyo haujilishi kwa damu inayopita ndani yake. Unalishwa na mishipa ya koronari inayotoka mwanzoni mwa aota (mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo), upana wake milimita 3 hadi 4, kama mrija wa juisi ya boksi. Kwenye ukuta wa mishipa hiyo mafuta hujikusanya kwa miaka: sigara, kisukari, presha na lehemu (kolesteroli) vinasaidiana. Siku moja ganda la uvimbe huo linapasuka. Damu inaona jeraha, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinakimbilia pale, bonge la damu linajengeka, njia inafungwa. Msuli uliokosa damu unaanza kufa ndani ya dakika 20 hadi 30, ukianzia tabaka la ndani kuelekea nje. Kufika saa ya 6 sehemu kubwa ya eneo hilo haina cha kuokolewa.

Uvimbe unaopasuka mara nyingi ulikuwa haujafikia hata kubana nusu ya mshipa. Kwa hiyo mtu anapanda ngazi za ghorofa Kariakoo Jumatatu bila kuhema, Jumatano yuko kitandani. "Nilipima mwezi uliopita nikaambiwa moyo mzima" ni habari ya mwezi uliopita.

Dalili: kifua kubana au kulemewa katikati kama kimewekewa gunia la mkaa, zaidi ya dakika 15, hakubadiliki ukijigeuza wala ukivuta pumzi. Kunaweza kupanda taya, kushuka mkono wa kushoto au yote miwili, au kutokea mgongoni katikati ya mabega. Jasho la baridi, kichefuchefu, kuishiwa pumzi. Jasho hilo lichukulie kwa uzito: mtu aliyekaa chini ya feni shati likamlowa si mtu wa kiungulia.

Na kuna "chembe ya moyo". Wazee wetu waliita hivyo pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua, halafu sisi tukapageuza kuwa pa vidonda vya tumbo. Upande wa chini wa moyo umelalia kiwambo (msuli wa kupumulia) palepale. Ukuta huo ukishambuliwa, maumivu yanakuja kwenye chembe, na kutapika juu. Mgonjwa anapewa dawa nyeupe ya kiungulia, anajisikia nafuu kidogo, anarudishwa nyumbani. Nafuu ya dawa ya kiungulia haithibitishi chochote.

Mwenye kisukari cha miaka mingi, mzee, na wanawake wengi wanaweza wasipate ule ubanaji wa kwenye filamu. Utaona pumzi zinamwishia, uchovu wa ghafla usioelezeka, kutapika, kizunguzungu. Mwenye kisukari wa miaka 60 anayetapika na kutoka jasho apimwe ECG (grafu ya umeme wa moyo) kabla ya kipimo cha malaria, au vyote kwa pamoja.

---

BintiKimara – saa 2:31 usiku

Dokta, tuseme mtu kashikwa Kimara saa 3 usiku. Zahanati iko dakika 5 kwa miguu. Aende hapo au apelekwe moja kwa moja mjini?

---

ZamuYaUsiku – saa 2:48 usiku

Dada, anapelekwa penye mashine ya ECG na mtu wa kuisoma muda huo. Zahanati yenye kipimo cha malaria na dripu tu itakula saa nzima, halafu itaandika rufaa. Kila familia ingekuwa na namba ya simu ya hospitali iliyo karibu yake na kuuliza mapema, mchana kweupe, maswali mawili: ECG mnayo usiku? Dawa ya kuyeyusha bonge la damu mnayo? Majibu yanabadilika, kwa hiyo ulizeni tena baada ya miezi.

Mgonjwa asitembee hadi barabarani, asiendeshe gari, asipande bodaboda akiwa katikati ya watu wawili. Gari analoweza kukaa ameegemea nusu, na mtu nyuma anayemtazama usoni. Chukueni kadi zake za kliniki na dawa zote anazotumia, tupieni kwenye mfuko wa rambo. Inaokoa dakika 10 za "dawa yake ni kile kidonge cheupe".

---

Elektrodi_V4 – saa 3:05 usiku

Niongezee nyama kwenye ECG, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika kimyakimya.

Lengo ni ECG ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa avuke mlango, kabla ya faili na kabla ya malipo. Elektrodi (vibandiko vyenye waya) ni 10: nne za mikono na miguu, sita za kifua. Zinatoa picha 12 za moyo uleule kutoka pembe tofauti: I, II, III, aVR, aVL, aVF, na V1 hadi V6.

Elektrodi za V1 na V2 zinakaa nafasi ya 4 kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kifua. Usikisie. Shusha kidole kutoka kwenye shimo la koo hadi ugonge kigongo cha mfupa. Ubavu unaoungana hapo ni wa 2, chini yake ni nafasi ya 2, hesabu kutoka hapo. Wengi wanazibandika juu mno, karibu na mtulinga, na grafu inadanganya kama vile ukuta wa mbele una kovu. V4 ni nafasi ya 5 chini ya katikati ya mtulinga. V3 iko katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa wa V4 kuelekea kwapani, hazipandi na mbavu. Kwa mama, elektrodi inakaa chini ya titi, si juu yake. Muombe ruhusa, funika, fanya kazi.

Kausha jasho kwa shashi, nyoa nywele pale tu elektrodi inapokaa. Zima feni kama waya zinacheza. Hakikisha karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde na kipimo ni milimita 10 kwa milivolti 1. Ukiona picha ya I imepinduka na aVR imesimama, usiite daktari bingwa kwanza. Angalia kama nyaya za mikono hazijabadilishana.

Tunachotafuta ni mstari wa ST (kipande cha grafu kinachofuata baada ya mchomo mkubwa wa pigo) kupanda kwenye picha mbili zilizo jirani. Milimita 1 inatosha, isipokuwa V2 na V3: mwanaume wa miaka 40 na zaidi milimita 2, chini ya 40 milimita 2.5, mwanamke 1.5. II, III na aVF ni ukuta wa chini. V1 hadi V4 ni mbele. I, aVL, V5 na V6 ni pembeni.

Ukuta wa chini ukionekana, hamisha V4 upande wa kulia na upige tena. Inakuonyesha kama chemba ya kulia nayo imeguswa, na ikiguswa, dawa ya chini ya ulimi ya kutanua mishipa (nitrati) inaweza kumwangusha presha vibaya. ST ikiwa imeshuka V1 hadi V3, bandika V7, V8 na V9 mgongoni chini ya bega la kushoto. Huenda ni ukuta wa nyuma unaoonekana kwa kinyume.

Mitego miwili ya hapa kwetu. Vijana wengi wa Kiafrika wana ST iliyoinuka kidogo V2 hadi V4 wakiwa wazima kabisa. Na mwenye presha ya miaka mingi moyo umenenepa, ST yake V1 hadi V3 inaweza kuwa juu siku zote. Dawa ni kulinganisha na ECG ya zamani kama ipo, na kurudia kila dakika 15 hadi 30. Shambulio linabadilika grafu hadi grafu, umbile la kudumu halibadiliki. ECG moja iliyo safi haimrudishi mtu nyumbani akiwa bado anaumwa.

---

Chupa_Nyekundu – saa 3:22 usiku

Upande wa maabara. Troponini ni protini ya msuli wa moyo inayovuja seli zikiumia. Kwa vipimo vya kawaida inaanza kuonekana saa 3 hadi 6 baada ya maumivu kuanza. Ukipima dakika 40 baada ya maumivu ukapata hasi, umepima saa yako ya mkononi. Rudia saa 6 baadaye. Kwa kipimo chenye hisi kali, saa 1 hadi 3 zinatosha. Ikipanda hubaki juu siku 7 hadi 14, kwa hiyo inaweza kukuonyesha hata shambulio la wiki iliyopita.

Inapanda pia kwa figo zilizochoka, bonge la damu kwenye mapafu, uvimbe wa msuli wa moyo, maambukizi makali ya damu. Kinachotafutwa ni namba kupanda au kushuka kati ya vipimo viwili, pamoja na dalili au ECG.

Na ECG ikishaonyesha ST imepanda, usisubiri troponini. Damu ichukuliwe, tiba iendelee. Kuna watu wamefia kwenye benchi wakisubiri karatasi ya kuthibitisha kitu kilichokuwa tayari kimechorwa kwenye karatasi nyingine.

---

FamasiaKona – saa 3:40 usiku

Wale wanaokuja dirishani kununua "kitu cha kifua" nawawekea hapa.

Aspirini miligramu 300, itafunwe. Aspirini ndogo za miligramu 75 ni vidonge 4. Nyingine zimepakwa ganda la kulinda tumbo. Ukimeza nzima inachelewa, ndiyo sababu ya kutafuna. Asipewe mwenye mzio nayo, anayetapika damu au kupata choo cheusi, wala mwenye mdomo uliopinda, kwa sababu huenda ubongo unavuja damu.

Dawa ya chini ya ulimi, nitroglisarini au isosobaidi, inatanua mishipa na kupunguza maumivu. Haifungui mshipa ulioziba. Kabla ya kumpa mwanaume, toeni watu chumbani na mumuulize wazi: umetumia dawa ya nguvu za kiume? Sildenafili ndani ya saa 24, tadalafili ndani ya saa 48, nitrati ni marufuku, presha inaporomoka. Muulize na vumbi la Kongo na vile vya kuchanganya kwenye kahawa, maana hakuna anayejua kilichotiwa humo. Mbele ya mke na shemeji atakujibu hapana.

Sindano ya diklo ni kosa linalorudiwa kila siku. Diklofenaki na ndugu zake zinaongeza hatari kwa moyo wenyewe, ibuprofeni inaizuia aspirini kufanya kazi, na sindano ya matakoni itavuja damu ndani ya nyama mgonjwa akija kupewa dawa ya kuyeyusha bonge. Maumivu makali hospitalini yanatibiwa kwa mofini ya mshipa.

Oksijeni nayo si soda ya kumpa kila mgeni. Inatolewa kama kipimo cha kidole kiko chini ya asilimia 90.

---

mzee_wa_Tandika – saa 3:52 usiku

Na kitunguu swaumu na limao? Watu wanasema kinazibua mishipa.

---

FamasiaKona – saa 3:55 usiku

Mzee wangu shikamoo. Kwenye mchuzi sawa. Bonge la damu lililokwishafunga mshipa halisikii kitunguu, na mtu anayetapika usimnyweshe chochote zaidi ya ile aspirini.

---

KathetaMkononi – saa 4:15 usiku

Naomba tuweke sawa kuhusu kuzibua. Njia bora ni kuingia kwenye mshipa na kuufungua. Mrija mwembamba, kama milimita 2, unaingizwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono (ule unaopimia mapigo), unapanda hadi mlango wa koronari. Dawa yenye iodini inamwagwa, kamera ya eksirei inaonyesha mto unapokatikia. Waya laini unavushwa kwenye bonge, puto linapulizwa, stenti, yaani kijirija cha wavu wa chuma kilichopakwa dawa, kinaachwa pale. Mgonjwa yuko macho muda wote. Andreas Grüntzig alifanya puto la kwanza la koronari kwa mgonjwa aliye macho kule Zurich mwaka 1977. Stenti zikafuata 1986.

Hapa Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga, inafanya kazi hii. Kama mishipa mitatu imeharibika, au shina la koronari ya kushoto limebana, hasa kwa mwenye kisukari, kikao cha madaktari kinaweza kuamua upasuaji: mshipa wa mguuni na ule wa ndani ya kifua vinashonwa kuruka sehemu iliyoziba.

Kwa hiyo ushauri wangu: ST ikipanda, mpakie mgonjwa aje.

---

ZamuYaUsiku – saa 4:33 usiku

> ST ikipanda, mpakie mgonjwa aje

Hapo tutabishana, mkuu. Kanuni ni dakika 120 kutoka ECG kusomwa hadi waya kuvuka bonge. Hizo 120 ndani yake kuna kutafuta gari la wagonjwa, dereva, mafuta, barabara, mapokezi, timu kuitwa kutoka nyumbani, na mshipa kuchomwa. Mbagala hadi Upanga jioni ya Ijumaa, au Chanika mvua ikinyesha, si safari ya kuhesabiwa kwa kilomita. Hesabu ikizidi 120, au huna uhakika, yeyusha kwanza hapo ulipo, safirisha baadaye.

Dawa za kuyeyusha ni mbili hapa. Streptokinasi ni yuniti milioni 1.5 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, kwa dakika 30 hadi 60. Tenekteplasi ni sindano moja kwa uzito wa mwili. Nzuri zaidi ndani ya saa 3 za mwanzo, ina faida hadi saa 12. Pamoja nayo aspirini, klopidogreli (nayo huzuia chembe sahani) miligramu 300 (aliyezidi miaka 75 apewe miligramu 75 tu), na enoksaparini, sindano ya jamii ya heparini ya kuzuia damu kuganda. Ule utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wagonjwa 17,187, ulionyesha aspirini peke yake inapunguza vifo vya moyo na mishipa vya wiki 5 za mwanzo kwa karibu robo, streptokinasi karibu robo, zote pamoja zaidi ya asilimia 40. Dawa ya bei ndogo ikiwa sambamba na dawa ya bei kubwa! Hilo lingeandikwa kwenye kila ukuta wa chumba cha dharura.

Kabla ya kuichoma, soma orodha kwa sauti: amewahi kuvuja damu kichwani? Kiharusi miezi ya karibuni? Anavuja damu sasa? Presha iko juu ya 180 kwa 110 na haishuki? Maumivu yanachana mgongoni kama kitambaa, na presha ya mikono miwili inapishana zaidi ya 20? Hiyo ya mwisho huenda ni ukuta wa aota umechanika, na dawa hii itamuua. Hadi mtu 1 hivi kati ya 100 wanaopewa dawa hizi huvuja damu ubongoni, kwa hiyo ndugu waelezwe.

Presha ikishuka wakati streptokinasi inaingia, simamisha, inua miguu, mpe maji, kisha endelea polepole. Ameshawahi kuipata huko nyuma? Asirudiwe, mwili una kingamwili dhidi yake. Na ST ikiwa haijapanda, hakuna kuyeyusha, hata troponini iwe juu. Huyo ni wa aspirini, heparini na angiografia (ile picha ya mishipa kwa dawa ya iodini) iliyopangwa. Walio hatarini zaidi, ndani ya saa 24.

---

KathetaMkononi – saa 4:47 usiku

Nakubali kwa Chanika, sikubali kwa mtu wa Kariakoo au Magomeni. Ila tukubaliane hili: kuyeyusha siyo mwisho. Piga ECG dakika ya 60 hadi 90. ST isiposhuka angalau nusu, dawa imeshindwa, aletwe mbio kwa puto la uokoaji. Ikishuka na maumivu yakaisha, bado aje kwa angiografia kati ya saa 2 na 24. Na picha ya ECG itumwe WhatsApp kwa zamu ya moyo kabla gari halijawashwa. Piga karatasi ikiwa bapa mezani, mwanga usiakisi, majina yafunikwe, saa ya kipimo ionekane. Picha iliyokunjwa ya mtu kaishika hewani haisomeki.

---

BintiKimara – saa 5:02 usiku

Akishawekewa stenti, dawa anakunywa mpaka lini? Wengine wanasema ukipona unaacha.

---

FamasiaKona – saa 5:16 usiku

Aspirini miligramu 75 hadi 100 ni ya maisha. Klopidogreli au tikagrelo kwa kawaida miezi 12. Anayeiacha mwezi wa 2 kwa sababu pakiti imeisha anakaribisha bonge ndani ya stenti yenyewe, na hilo ni baya kuliko la kwanza. Daktari wa meno akitaka kung'oa, aambiwe; usiache dawa kwa amri ya dirishani. Kama tumbo linasumbua, omeprazoli inapunguza nguvu ya klopidogreli, pantoprazoli ni afadhali.

Atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu, miligramu 40 hadi 80 kila siku, hata lehemu yako ikiwa "ya kawaida". Lengo la lehemu mbaya (LDL) ni chini ya milimoli 1.4 kwa lita, pima tena wiki 4 hadi 6. Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ifanyike kabla hajaruhusiwa, ione moyo unasukuma kiasi gani. Ikionyesha umedhoofika, ndipo dawa za kuupunguzia mzigo zinakuwa za lazima. Lisinopili au enalapili ikileta kikohozi kikavu, iko ya kubadilisha, usiitupe tu. Anayefunga Ramadhani aongee na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, si siku ya tatu.

---

dereva_Gongo_la_Mboto – saa 5:30 usiku

Swali la mwisho wakuu. Mgonjwa akizimia ndani ya bajaji tukiwa njiani, tukimbize au tufanye nini?

---

ZamuYaUsiku – saa 5:41 usiku

Muite, mtikise bega. Hajibu, na hapumui au anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma: moyo umesimama. Kukoroma huko si kupumua, na kutikisika mwanzoni si kifafa, msimtie kijiko mdomoni. Simamisha kando. Mmoja apige 112 na aulize kituo cha mafuta au jengo lililo jirani kama wana mashine ya kushtua moyo. Wewe weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu, viwiko vimenyooka, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, acha kifua kirudi juu chote kila mara. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika 2, kwa sababu baada ya hapo unachoka na hujui kwamba umechoka.

Na umshushe chini kwanza, kwenye lami au zege. Akiwa kwenye kiti cha bajaji hukandamizi kifua, unakandamiza sponji.